Jinsi ya kupanga safari ya kwanza ya kuvua walai katika Ziwa Mille Lacs

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia shemeji yangu, aliyehamia Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, kutoka Mwanza, kupanga safari yake ya kwanza ya kuvua walai katika Ziwa Mille Lacs, lililo mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kaskazini mwa Minneapolis. Shemeji amekulia kwenye sangara na sato, kwa hiyo kufunga ndoana na kurusha mshipi sikumweleza, wala hapa sitaeleza. Kilichohitaji maelezo ni ziwa, kanuni zake na samaki mwenyewe. Walai (walleye kwa Kiingereza), ambaye wanasayansi humwita Sander vitreus, ni samaki rasmi wa jimbo hilo tangu mwaka 1965, na nyuma ya mboni yake kuna utando unaorudisha mwanga, kama wa jicho la paka. Utando huo humwezesha kuona vizuri alfajiri, magharibi na ndani ya maji yaliyovurugika, wakati samaki wadogo anaowawinda hawaoni sawasawa. Karibu kila uamuzi ulio hapa chini unatokana na jicho hilo.

Hatua ya kwanza: tarehe na saa

Msimu hufunguliwa Jumamosi moja ya katikati ya Mei na kufungwa mwishoni mwa Februari. Wengi huikimbilia siku ya ufunguzi. Mimi simshauri mgeni afanye hivyo, kwa kuwa foleni ya kushusha maboti huwa ndefu na maji bado ni baridi kiasi cha kumhatarisha atakayetumbukia. Chagua nusu ya kwanza ya Juni. Wakati huo walai wamekwisha kutaga mayai, kazi wanayoifanya maji yakiwa na takriban nyuzi 6 hadi 10 za Selsiasi, nao wamerudia kula kwa nguvu. Jua huchomoza karibu saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuzama karibu saa tatu usiku, hivyo uwe juu ya maji tangu mapambazuko, au kuanzia saa moja jioni. Siku ya mawingu na upepo wa wastani ni bora kuliko siku nyeupe tulivu. Hakikisha pia kwamba kuvua usiku kumeruhusiwa, maana katika ziwa hili kumewahi kupigwa marufuku kwa vipindi.

Hatua ya pili: leseni na kanuni

Aliyefikisha umri wa miaka 16 anahitaji leseni, na mwaka wa leseni huanza tarehe 1 Machi. Ukiwa mkazi wa jimbo kwa siku 60 au zaidi, unalipa ada ya mkazi, ambayo ni nafuu. Wakati ziwa halijaganda kila mvuvi anaruhusiwa mshipi mmoja tu.

Usisome kanuni za jumla za jimbo ukaridhika. Mille Lacs ina kanuni zake za idadi na urefu wa walai, nazo hubadilika mwaka hadi mwaka, na mara nyingine katikati ya msimu. Sababu ni mkataba wa mwaka 1837 kati ya serikali ya Marekani na Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, ambao Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1999 kuwa ungali unalinda haki yao ya kuvua humo. Kwa hiyo kiasi cha walai kitakachotolewa ziwani hupangwa kila mwaka na kugawanywa kati ya jimbo na jumuiya za Waojibwe. Msimu wa 2016 ulifunguliwa kwa sharti kwamba mwenye leseni ya jimbo amrudishe majini kila walai amvuaye. Fungua ukurasa wa ziwa hili kwenye tovuti ya Idara ya Maliasili ya Minnesota usiku wa kuamkia safari, na ubebe rula ya kupimia samaki.

Hatua ya tatu: chombo

Usinunue boti. Kwa safari ya kwanza, lipia nafasi kwenye mojawapo ya boti kubwa za abiria zinazotoka kwenye hoteli za kando ya ziwa, pamoja na nahodha wake. Atakayekodi boti ndogo ahakikishe kuna jaketi la kujiokolea kwa kila abiria, na kwamba watoto walio chini ya miaka 10 wamelivaa muda wote chombo kinapokwenda. Ziwa lina zaidi ya kilomita za mraba 500, lakini mahali penye kina kirefu kuliko pote hapazidi futi 42 hivi, na maji mapana yasiyo na kina huinua haraka mawimbi mafupi yaliyosimama wima. Hakuna pa kujikinga: visiwa viwili vya mawe vinavyounda hifadhi ya ndege, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa za wanyamapori nchini Marekani, havifikii ekari moja vikijumlishwa. Utabiri ukitaja upepo wa maili 15 kwa saa, boti ndogo ibaki gatini.

Hatua ya nne: vifaa

Ufito mwepesi wa futi sita na nusu, rili ya kawaida, na mshipi wa nailoni unaohimili ratili 6 hadi 8 vinatosha. Wapo wanaoapa kwa mshipi wa kusokotwa. Kwa anayeanza mimi sioni faida yake, kwani nailoni hunyumbuka kidogo na kusamehe mkono wenye pupa. Chukua ndoana zenye kichwa cha risasi za gramu 3.5 na gramu 7, chubwi chache, wavu wa mkono, koleo, na ruba hai kutoka duka la chambo. Vile vidanganyio vya plastiki vya rangi za kila namna viache dukani.

Hatua ya tano: ramani, kina na upepo

Hapa ndipo saa nyingi hupotelea, na hakuna kifaa cha kununua kitakachokuokoa.

Idara ya Maliasili hutoa bure ramani za maziwa zenye mistari ya kina. Mistari inapokaribiana, sakafu inateremka ghafla. Inapoachana, ni tambarare. Weka alama mahali patatu: mwamba wa mawe karibu na ufukwe wenye futi 6 hadi 12, kwa ajili ya alfajiri na jioni, ukingo unaoteremka kutoka futi 15 hadi 25, kwa ajili ya muda ambao jua limepanda, na kingo za mojawapo ya tambarare za tope zilizo kaskazini mwa ziwa, ambako walai huhamia kadiri kiangazi kinavyosonga. Alama zilizowekwa na watu wengine kwenye programu za simu mimi sizifuati, kwa sababu hazisemi siku hiyo upepo ulitoka wapi.

Na upepo ndio unaoamua ni ipi kati ya alama zako utaanza nayo. Mawimbi huvunja mwanga unaoingia majini na kuvuruga tope la ufukweni, kisha walai husogea kwenye maji machache hata mchana. Basi chagua ufukwe unaopigwa na upepo, si ule uliotulia, ingawa uliotulia ndio unaomvutia kila mgeni. Lakini yapo masharti. Upepo uliovuma upande mmoja tangu jana una thamani kubwa kuliko uliogeuka saa moja iliyopita. Ufukwe ukipigwa kwa nguvu hadi boti inaruka, nenda kwenye rasi iliyo jirani inayopata nusu ya mawimbi hayo. Ngurumo ikisikika, hata kwa mbali, rudi nchi kavu.

Kisha tazama jinsi ukingo ulivyolala. Ukingo ukienda sambamba na upepo, zima mashine upande unakotoka upepo, uache boti ichukuliwe polepole huku mishipi ikiwa chini. Ikienda kasi, burura mfuko wa turubai ubavuni uipunguze mwendo. Ukingo ukikata upepo, utauvuka kwa dakika moja na kubaki juu ya maji matupu, kwa hiyo itakubidi kutia nanga. Kamba ya nanga huhitaji urefu wa mara tano hadi saba ya kina: penye futi 20, utatoa futi 100 hadi 140. Maana yake ni kwamba boti itakaa mbali sana na mahali nanga ilipozama, hivyo idondoshe mbele ya mwamba, upande wa upepo, kisha toa kamba mpaka ufike juu ya samaki. Kamba ifungwe omoni. Ukiifunga tezini, mawimbi yatapanda juu ya tezi na kuijaza boti maji.

Kama boti haina kipimakina cha umeme, funga chubwi kwenye kamba yenye fundo kila baada ya pima moja, yaani futi sita, na uishushe. Itakuambia pia sakafu ilivyo: juu ya mawe inagonga, kwenye tope inazama kimya.

Hatua ya sita: kuvua

Tunga ruba mara moja tu, kupitia kikombe cha kufyonzea kilicho upande mpana wa mwili wake, ili aendelee kujinyonganyonga. Shusha hadi mshipi ulegee, inua upana wa kiganja, kisha tulia. Walai aghalabu havuti kwa kishindo. Utahisi mguso mmoja, au uzito ambao haukuwapo, au mshipi utalegea kabla haujafika chini. Hesabu mbili, ndipo uinue ufito. Mshike kwa mkono uliolowa, ukijihadhari na miiba ya pezi la mgongoni, meno, na kifuniko cha shavu chenye makali. Akiwa amemeza ndoana na inabidi arudishwe, kata mshipi karibu na mdomo.

Hatua ya saba: kuondoka

Chomoa kizibo cha boti, mwaga maji yote na ondoa magugu, kwani kome wa pundamilia, kome wadogo wavamizi, waligunduliwa humu mwaka 2005 na sheria inakataza kuwasafirisha. Chambo kilichobaki hakimwagwi ziwani. Samaki asikatwe vipande mkiwa bado ziwani, kwa sababu askari wa wanyamapori lazima aweze kumpima, na minofu utakayosafirisha ibaki na kipande cha ngozi yenye magamba cha angalau inchi moja mraba. Walai wakubwa hubeba zebaki nyingi zaidi, hivyo wajawazito na watoto wafuate viwango vya ulaji vinavyotolewa na Idara ya Afya ya Minnesota, na pale kanuni za mwaka zinaporuhusu, wa mezani awe mdogo.