Somo: Namna ya kueleza maumbile ya mnyoo mpya wa baharini

Mfano wetu ni Osedax, mnyoo mla mifupa. Februari 2002 roboti ya MBARI, taasisi ya utafiti wa bahari, ilimkuta Monterey Bay, California, ameota kama nyasi nyekundu juu ya mifupa ya nyangumi, mita 2,891 chini ya maji. Mwanasayansi Greg Rouse na wenzake wakamtangaza mwaka 2004. Wengi hukimbilia kubuni jina. Jina liacheni kwanza.

1. Mlegeze angali hai. Mloweke kwenye maji ya magnesi kloridi, aina ya chumvi, mpaka ukimgusa asijikunje. Ukimtumbukiza kwenye spiriti moja kwa moja atajikunyata kama kidonge, na utakachopima ni kidonge.

2. Mpige picha siku hiyohiyo. Ule wekundu ni wa himoglobini, kitu kinachoipa damu rangi, na ndani ya chupa hupauka.

3. Kata kipande kidogo cha DNA, kitie kwenye ethanoli (spiriti) ya asilimia 95. Mwili uliobaki ndio uende kwenye fomalini, dawa ya kuzuia mwili usioze.

4. Eleza kuanzia mbele kwenda nyuma, kila sehemu na milimita zake. Osedax jike ana vishungi vinne, kisha kiwiliwili ndani ya mrija wa ute, kisha mfuko wa mayai, na mwisho mizizi iliyozama mfupani.

5. Andika na kisichokuwepo. Huyu hana mdomo wala utumbo. Usipoandika, msomaji atadhani hukutazama.

6. Pekua mrija wote kwa hadubini. Msiharakishe hapa, tafadhali! Minyoo waliookotwa mwanzo walionekana majike watupu. Kumbe madume wamo ndani ya mrija wa jike, makumi kwa makumi, wadogo wa kuonekana kwa hadubini tu, bado wana umbo la buu na kiini cha yai tumboni.

7. Teua kielelezo kimoja kitakachobeba jina, kikabidhi makumbusho, taja namba yake. Sasa buni jina.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, bila mdomo anakulaje?*
Mizizi hutoa asidi inayoyeyusha mfupa, na ndani yake wamo bakteria wanaomsaidia kupata lishe.

*Kwa nini DNA isitolewe kwenye mwili wa fomalini?*
Fomalini huikatakata DNA. Ukishasahau hatua ya 3, shughuli imekwisha.

*Mie niko Lamu. Nikichimba chambo napata minyoo wenye vijiguu ubavuni. Nao ni vivyo hivyo?*
Hatua ni zilezile, ila hao wana pingili: zihesabu. Chora kijiguu cha mbele, cha katikati na cha nyuma, maana hubadilika, na vinyweleo vyake vichore kimoja kimoja. Tazama na taya. Na usimkate kwa jembe, ndugu yangu; mnyoo asiye na mkia hesabu yake haikamiliki.