SOMO: Jina la babu halipo kwenye sanamu ya Askari. Soma hapa kabla ya kuniuliza

Wakuu, wiki hii pekee nimeulizwa mara nne: "Nimekwenda Posta, Dar, kwenye sanamu ya Askari, nimezunguka yote, jina la babu silioni." Hutaliona. Sanamu ile ya mwaka 1927, ya kuwakumbuka Waafrika wa vita ya kwanza ya dunia, haina jina la askari hata mmoja. Ina maneno ya ukumbusho kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi na Kiswahili cha herufi za Kiarabu, basi. Ya Mombasa ni hivyo hivyo, na ile ya Nairobi ya 1928 yenye watu watatu pia. Walikumbukwa kwa mafungu. Jina linatafutwa kwingine, na njia ni hii.

1. Kaa na wazee. Leo, siyo sikukuu ijayo.

2. Jua ni vita ipi. "Vita vya Mjerumani" ni ya 1914 hadi 1918. "Vita vya Hitla" ni ya 1939 hadi 1945. Mzee akitaja Bama (yaani Burma), ni ya pili. Akisema babu alikuwa Keya, hapo bado hujajua kitu, maana Keya (KAR, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) ilianza 1902 na ilipigana zote mbili.

3. Fungua masanduku. Barua, picha, medali. Medali za vita ya kwanza huwa zimechongwa jina, namba na kikosi ukingoni. Geuza uangalie kwenye mwanga wa pembeni. Medali nyingi za nyota za vita ya pili hazina jina. Unachokitafuta hasa ni NAMBA ya askari.

4. Ingia kanzidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC). Ni bure. Waafrika wengi wameandikwa kwa jina moja tu, na jina hilo limewekwa kwenye kisanduku cha ukoo. Kwa hiyo jina lake la kwanza liandike pale pa ukoo. Jaribu Hamisi, Hamis, Khamisi na Khamis. Jaribu ukiwa na "bin" na usipokuwa nayo. Karani aliandika alichosikia, na si kila karani alisikia vizuri.

5. Usimwambie mtu yeyote mpaka namba na kikosi vimelingana.

Hapa ndipo nilipoharibu. Nilimpata mtu mwenye jina la babu mkubwa na jina la baba yake, yote mawili, kwenye ukumbusho wa Rangoon ulioko makaburi ya Taukkyan, huko Burma. Mwaka 1944, sawasawa na wazee walivyosema. Nilipiga simu usiku uleule. Ukoo ukakusanyika, khitma ikasomwa, mbuzi wawili wakachinjwa, mjomba akachora kibao chenye jina na "Burma". Mwaka mmoja baadaye shangazi akatoa kwenye Kurani yake barua ya serikali ya kutangaza kifo. Namba ilikuwa nyingine kabisa. Nilirudi kumtazama yule wa Taukkyan: batalioni ya 22 ya Keya. Hiyo ilikuwa ya Nyasaland, yaani Malawi ya leo! Batalioni za Tanganyika kule Burma zilikuwa ya 26, ya 36 na ya 46. Kikosi kilikuwa kimeandikwa pale pale chini ya jina, nami sikusoma kwa sababu nilikuwa nimeshafurahi.

Wetu alikuwa mpiga mizinga. Alikuwa ndani ya meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944. Walikufa watu zaidi ya 1,200. Burma hakufika. Jina lake liko Nairobi, kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita. Kibao cha mjomba bado kinasema Burma, na hakuna aliyethubutu kumwambia akifute.

Kwa hiyo: jina peke yake si ushahidi. Jina pamoja na jina la baba, bado si ushahidi. Majina yetu yanarudiwa mno. Na ukikosea, kuna familia nyingine ambayo umewachukulia marehemu wao.

6. Kama alikuwa mpagazi (mbeba mizigo ya jeshi) wa vita ya kwanza, jiandae kisaikolojia. Ndio chanzo cha jina la Kariakoo, na la Kariokor ya Nairobi: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na wengi hawakuandikwa popote. Ripoti ya Tume yenyewe ya 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri. Usipompata haina maana bibi alikudanganya.

7. Ukiwa na ushahidi, Tume wanapokea maombi ya kuongeza jina. Lazima uonyeshe kwamba alitumikia, na kwamba alikufa kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947.

Maswali chini.

---

chapaKazi: Mkuu babu yangu anaitwa Juma alipigana vita nitafutie

Mwandishi: Hatua ya 1.

chapaKazi: Ndo nimeuliza we si mtaalamu

Mwandishi: Juma wa nani, wapi, vita ipi, alirudi au hakurudi? Kanzidata ile ina waliokufa tu. Kama babu alirudi akakuzalia baba, hayumo.

chapaKazi: Alirudi

Mwandishi: Haya.

mtoto_wa_fundi: Medali imeshika kutu nyeusi, nimeisugua kwa limao na majivu inang'aa sasa. Jina ndo silioni.

Mwandishi: Umelisugua. Wengine wote mnaosoma: msiisugue. Ule weusi hauli chochote. Piga picha ya ukingo kidogo kidogo ukiizungusha, taa iwe ubavuni.

Dalali_wa_Kati: Inauzwaje hiyo?

Mwandishi: Siyo uzi wake.

Mama_Wawili: Kwa makaburi, msichokoe maandishi kwa kisu. Mimi huloweka kitambaa maji matupu, nafuta, nasubiri jua la saa kumi. Herufi zinasimama zenyewe.

Mwandishi: Asante dada. Hii ni bora kuliko yangu ya unga wa chaki, naiacha kuanzia leo.

mjukuu_Dodoma: Shikamoo. Bibi yangu ni Mgogo. Anasema babu yake alichukuliwa kubeba mizigo "kabla ya Mtunya" na hakurudi. Hana karatasi yoyote. Je, hilo neno lina msaada au niache?

Mwandishi: Marahaba. Usiache, bibi amekupa tarehe. Mtunya ni njaa kubwa ya Ugogo, 1917 hadi 1920. Kwa hiyo alichukuliwa kati ya 1914 na 1917 hivi. Sasa angalia: Waingereza waliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916. Kabla ya hapo aliyekusanya wapagazi ni Mjerumani, baada ya hapo ni Mwingereza. Usimuulize bibi mwaka. Muulize alichukuliwa na nani, mvua au kiangazi, na walielekea upande gani. Rekodi simu, muache aongee Kigogo, tafsiri baadaye. Ukimlazimisha Kiswahili atakupa nusu.

mjukuu_Dodoma: Nimerudi. Anasema Mjerumani, wakati wa kuvuna, walielekea kaskazini. Na walikwenda wawili, yeye na mdogo wake. Hilo la mdogo hatukuwahi kulisikia nyumbani.

Mwandishi: Basi kanzidata ya Tume iweke pembeni, hawa hawakuwa upande wao. Nenda Nyaraka za Taifa, Dar, kuna mafaili ya utawala wa Kijerumani. Yapo kwa Kijerumani, mengi kwa mwandiko wa mkono wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo unawashinda. Namjua mmoja anayeusoma, nakuunganisha naye. Kabla hujasafiri, rudi kwa bibi umuulize jina la huyo mdogo.