Kumtunza nyumbani aliyenusurika moyo kusimama

Mgonjwa akiruhusiwa kutoka hospitali ya KCMC kurudi kwake Moshi, familia huangalia kifua, kumbe shida kubwa mara nyingi iko kichwani. Ubongo ukikosa oksijeni dakika chache, sehemu ya kumbukumbu huumia mapema, hivyo atauliza jambo lilelile mara kumi. Msimgombeze. Mpeni daftari moja, kalamu ifungwe kwa uzi, aandike dawa alizomeza na saa. Daftari mbili humchanganya. Dawa zenyewe azishike mtu mwingine, maana akisahau atameza dozi mara mbili.

Uchovu wake si uvivu. Hesabu za duka azifanye asubuhi, dakika 20 hivi, kisha alale kidogo. Wageni wa pole waje wawili wawili. Sebule ikijaa kelele, hashiki neno. Asiachiwe jiko la gesi peke yake, wala asiendeshe bodaboda mpaka daktari amruhusu. Mbavu zilizobonyezwa wakati wa kuushtua moyo uliosimama huweza kuuma wiki kadhaa. Akizimia, akipata degedege au kifua kikibana, hospitali mara moja.

Nafuu nyingi huja miezi 3 ya mwanzo, ingawa wengine huendelea kupata nafuu hata mwaka mzima.