Somo: Ubao wa kutundikia vifaa kwenye ukuta wa gereji ya nyumbani

Wakuu, habari za kazi.

Banda langu la gari halijawahi kulaza gari. Lina meza ya kazi, jiriwa, mabaki ya mbao kwenye kona, na kwa muda mrefu lilikuwa na ndoo mbili za rangi zilizojaa vifaa. Ukitaka bisibisi ya nyota, unamwaga ndoo. Ukimaliza unarudisha humo humo, spana juu ya patasi, tupa juu ya spana, halafu kesho unalalamika patasi haikati. Aliyeniamsha usingizini ni spana namba 13. Niliitafuta siku tatu, nikanunua nyingine, kisha nikaikuta kwa jirani niliyemwazimisha mwenyewe kwa mkono wangu.

Basi nikataka ukuta unaonionyesha pengo. Jioni nikifunga banda, nitupe jicho mara moja nijue nini hakijarudi. Vipimo vyote hapa chini vimetokana na hilo.

Mfumo wenyewe ni huu: ukutani unafunga mbao mbili ndefu zilizopasuliwa kwa mshazari wa nyuzi 45. Halafu unatengeneza vibao vidogo, kimoja cha bisibisi, kimoja cha spana, kimoja cha patasi na kadhalika. Kila kibao mgongoni kina ubao wa mshazari kama ule. Unakitundika tu, uzito wake wenyewe unakibana ukutani. Ukitaka kukihamisha unakinyanyua. Ule wa ukutani nitauita jike, ule wa kwenye kibao dume, maana ndivyo tunavyosema karakana.

Mahitaji

Ubao mmoja wa inchi moja kwa sita na mmoja wa inchi moja kwa nane, wa futi 12 kila mmoja. Mimi nilitumia paina ya Mufindi, inatosha sana. Mninga kwa kazi hii ni kujionyesha. Skrubu 10 za sentimita 8, fisha (vile vijiti vya plastiki vinavyoshika skrubu ukutani) za milimita 8, skrubu fupi za sentimita 3 na nusu, gundi ya mbao, msasa. Vifaa: msumeno, drili, biti ya ukuta ya milimita 8, guni (ya kupimia pembe mraba) na pimamaji.

Tahadhari moja kabla hujatoa hela. Paina nyingi zinauzwa bado mbichi. Shika ubao, ukiuona mzito kuliko ulivyotarajia na una ubaridi kiganjani, una maji. Upange kivulini juu ya vipande vya kuupa hewa kwa wiki mbili au tatu. Mbao hunywea kwa upana, kwa urefu karibu hainywei kabisa, na ikinywea ukiwa umeshaifunga inapinda au inapasuka kwenye skrubu.

Hatua ya kwanza: kupasua

Kata ule wa moja kwa sita katikati upate vipande viwili vya futi 6. Kila kimoja kipasuliwe kwa urefu, katikati ya upana wake, msumeno ukiwa umelala nyuzi 45. Kila kipande kinazaa jike na dume kwa mkato mmoja, kwa hiyo hakuna kinachopotea isipokuwa vumbi.

Kama huna mashine ya meza, usijitese. Peleka kwa wenye mashine za kupasulia, wa Keko au Buguruni kwa sisi wa Dar, na popote ulipo hawakosekani. Mwambie fundi alaze msumeno nyuzi 45 na asiubadilishe mpaka vipande vyote viishe. Jike na dume wakitoka kwenye mlalo mmoja wanakaa vizuri hata kama ile 45 ilikuwa 43.

Hatua ya pili: ukuta

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuta zetu nyingi ni tofali za sementi na juu yake plasta ya sentimita moja na nusu hadi mbili. Plasta haibebi kitu. Fisha ikiishia kwenye plasta, utatundika nyundo leo na kesho utaiokota pamoja na kipande cha ukuta. Hesabu ni hii: ubao sentimita 2, plasta 2, fisha 4 ndani ya tofali. Jumla 8, ndiyo maana skrubu ni za 8. Toboa ukuta sentimita 7 ili vumbi lipate pa kukaa, na funga kipande cha utepe kwenye biti kuonyesha kina. Ukishatoboa, puliza tundu kwa mrija huku umefumba macho. Isukume fisha kwa msumari mpaka ipite plasta, ikalale ndani ya tofali.

Anza kutoboa drili ikiwa haigongi. Ukifika kwenye tofali ikakataa, ndipo uwashe kugonga. Zile tofali zilizofyatuliwa kwa mchanga mwingi na sementi ya kuonjeshwa hazitaki kugongwa, tundu la 8 linakuwa la 12 unaona. Ikitokea hivyo, sogea sentimita tano pembeni utoboe upya.

Jike la chini nililiweka sentimita 120 kutoka sakafuni, la juu 165. Meza yangu ina 88, kwa hiyo vifaa vinaning'inia juu yake bila kugusa kazi. Wewe pima kwa mwili wako: simama mezani, nyoosha mkono bila kunyanyua kisigino. Unapoishia ndipo mwisho wa ubao wa juu. Matundu ni matano kwa kila jike, kwenye sentimita 10, 50, 90, 130 na 170. Funga la katikati kwanza, weka pimamaji, ndipo uendelee na mengine. Usiifuate sakafu wala dari, za kwetu hazijawahi kuwa sawa.

Sasa, uelekeo. Ukilisimamisha jike, upande wake mrefu ukutazame wewe, na mshazari uteremke kuelekea ukutani, ili kati ya ubao na ukuta pabaki mfereji. Dume ni kinyume: ncha yake kali inatazama chini na iko upande wa ukutani, ikaingie kwenye ule mfereji. Mimi mara ya kwanza nilifunga jike kichwa chini. Lilionekana safi kabisa. Nikatundika kibao cha patasi, kikakaa kama sekunde mbili, kikateleza taratibu kama mtoto kwenye bembea ya kuserereka. Patasi ya inchi moja ilitua kwa meno kwenye sakafu ya sementi. Nilishinda Jumapili nzima nainoa.

Hatua ya tatu: vibao

Ubao wa moja kwa nane unatoa vibao vinne: kila kimoja kina mgongo wa sentimita 45 na kirafu cha sentimita 45, vikiunganishwa kwa gundi na skrubu tatu kutoka nyuma. Toboa kwanza kwa biti ya milimita 3. Paina ukiilazimisha skrubu karibu na ncha inapasuka, na kwa kawaida hufanya hivyo kwenye kipande cha mwisho. Dume lifunge juu ya mgongo. Chini ya mgongo weka kipande cha unene ule ule wa dume, la sivyo kibao kitainamia ukutani.

Bisibisi: matundu ya milimita 12 kwenye kirafu yanabeba nyingi, shina linapita na mpini unakwama. Jaribu na ya kwako kwanza kwenye kipande cha taka.

Spana: chora mikato kwenye ukingo wa mbele wa kirafu, ya milimita 12 kwa upana na sentimita 4 kwa kina. Shina linaingia, kichwa kinabaki juu. Panga kutoka kubwa kwenda ndogo.

Nafasi kati ya kifaa na kifaa usiipime kwa macho, ipime kwa vidole. Nilipopanga spana zangu mara ya kwanza zilipendeza, zimebanana kama abiria wa asubuhi. Kisha nikaja na mkono wenye grisi kuchukua namba 17, nikaziangusha 16 na 19. Paka mkono mafuta kabisa, ujaribu kuchomoa. Kidole gumba na cha shahada vipite pande zote mbili.

Patasi zinahitaji ulinzi: mbele ya makali gongomea ukanda wa plaiwudi, maana siku moja utapeleka mkono pale gizani umeme ukiwa umekatika. Plaizi na koleo hazitaki tundu. Weka ufito mmoja wa mbao mlalo na uzipandishe kama mtu aliyepanda baiskeli, mguu huku mguu huku. Nyundo ni mkato wa sentimita 3 na nusu, kichwa kinalala juu.

Hatua ya nne: kivuli

Tundika kila kifaa, kizungushie kalamu nene kwenye mgongo, kisha ujaze umbo kwa rangi. Nilitumia nyekundu iliyobaki ya geti. Kifaa kikiwepo huioni. Kikitoka, nyekundu inakukodolea macho.

Na kwa majirani: nina vifuniko vya soda vilivyotobolewa, kila kimoja kimeandikwa jina. Ukiazima, jina lako linaning'inia pale mpaka urudishe. Sijawahi kumdai mtu tangu hapo, wanalikuta jina wakija kuazima kingine.

MASWALI YA WADAU

Swali (Dodoma): Mkuu, huku kwetu mchwa hauchagui. Mbao zikigusa ukuta si nitakuwa nimewapikia?

Jibu: Mchwa wanapanda kwa vijia vya udongo kutoka chini. Faida ya mfumo huu ni kwamba vibao vina uwazi nyuma, unanyanyua unaona. Kilichofungwa ukutani moja kwa moja ni jike tu, na hilo ndilo la kutengeneza kwa mbao ya kijani iliyotiwa dawa. Vibao unavyoshika kila siku viache vya kawaida. Dawa iliyozoeleka kwenye mbao hizo ina shaba, kromiamu na aseniki, kwa hiyo vaa barakoa ukikata, na vipande vilivyobaki visiende jikoni kuwashia moto. Hili nalirudia kwa sababu nimeona watu wakichomea mahindi.

Swali (Dar): Kwa nini nisipake oili chafu tu? Mzee wangu alikuwa anafanya hivyo na fremu za milango zipo hadi leo.

Jibu: Kwenye fremu sibishani na mzee. Ila ubao huu unaugusa mara hamsini kwa siku, na oili iliyotoka kwenye injini haifai kukaa kwenye ngozi, ina vitu vinavyoweza kuleta saratani. Pia inagandisha vumbi, na mpini wa nyundo ukishapata oili utakuponyoka siku mbaya.

Swali (Unguja): Assalaam alaykum. Ukuta wangu ni wa zamani, mawe na chokaa. Nimetoboa tundu moja imetoka unga tu, fisha inazunguka.

Jibu: Waalaykum salaam sheikh wangu. Acha hapo hapo, usitoboe la pili. Chokaa ya zamani haishiki fisha za plastiki, na ukuta wenyewe unahitaji kupumua. Chukua mbao mbili za mbili kwa nne, zisimamishe juu ya meza au kutoka sakafuni, zifunge juu kwenye boriti, na majike uyafunge kwenye hizo. Ukuta unabaki salama. Na kwa kuwa mko na hewa ya chumvi, futa vifaa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani kila wiki.

Swali (Nairobi): Fundi, mimi nimepanga na landilodi hataki hata msumari kwa ukuta. Nifanyeje?

Jibu: Soma jibu la Unguja. Mbao zako mbili zifunge kwenye miguu ya nyuma ya meza badala ya dari. Ukihama, unahama na ukuta wako.

Swali (Morogoro): Samahani mkuu, hii yote ya nini? Misumari ya inchi tatu ukutani inatosha.

Jibu: Kama vifaa vyako ni vitano na ukuta ni wa mbao, piga misumari ulale. Kwenye tofali, msumari unabandua plasta na unalegea. Na siku ukinunua kifaa kipya huwezi kusukuma misumari ikupe nafasi.

Swali (Mwanza): Nina sumaku ya spika bovu, naweza kuigundisha kwenye kibao?

Jibu: Inafaa kwa bisibisi, skrubu zitashika kwenye ncha zenyewe. Weka mbali na tupa na biti za drili, zitabeba chenga za chuma na chenga hizo zitakuchorea kazi.

Swali (Tanga): Mimi ni fundi cherehani, je kaka, hii inanifaa?

Jibu: Dada yangu, inakufaa kuliko hata mimi. Vijiti vya milimita 6 vilivyoinuliwa kidogo ncha vinabeba rili za uzi, na mkasi mkubwa ufanyie kama plaizi. Kivuli cha mkasi paka rangi kali zaidi, huo ndio unaotoroshwa na watoto kwenda kukatia madaftari.

Swali (Mbeya): Jike moja linabeba uzito gani?

Jibu: La kwangu, lenye skrubu tano kwenye tofali nzuri, nililijaribu kwa ndoo ya maji ya lita 20 kabla ya kutundika chochote cha maana. Nililiacha usiku kucha, asubuhi nikapima kwa pimamaji, halikuwa limesogea. Fanya hivyo hivyo kwa la kwako, na usitundike grenda mpaka ndoo imelala.