Kabla hujanunua nyaya za kubusti betri

Ndugu zangu wenye magari, msidanganywe na unene wa mpira. Nyaya nyingi za kubusti, yaani za kuazima umeme wa betri ya gari jingine ili lako liwake, zinaonekana nene kama kidole gumba, kumbe ndani mna nyuzi chache tu. Funua mpira pale kwenye kibanio, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukibaki mwekundu, ni shaba. Ukitoa weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba: utapiga stata waya upate moto na injini isiwake. Gari dogo la petroli, shaba ya ndani yenye upana wa milimita za mraba 16, bila kuhesabu mpira, inatosha. Land Cruiser ya dizeli inataka 25 au zaidi. Urefu mita 3, maana waya ukirefuka umeme unapotea njiani. Springi za vibanio nazo ziume kwelikweli.