Kodi ya Nyumba za Nakuru na Ushuru wa Uingereza: Risiti Iwe kwa Jina Lako

Kila mwezi kwa miaka minne ndugu yangu aliniandikia kutoka Nakuru maneno mawili tu, "Kodi imelipwa," nami nikiwa hapa Leeds niliridhika kwamba wapangaji wa nyumba zangu tatu za Lanet wametoa pesa na serikali nayo imepata haki yake. Barua ya idara ya ushuru ya hapa ilipofika kuniuliza mapato yangu ya nje, niliitisha risiti za KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Zilikuwapo, ila zote zilitolewa kwa PIN yake, yaani nambari yake ya mlipa ushuru, kwa kuwa nywila yangu ya iTax, mtandao wa KRA wa kulipia ushuru, ilikuwa imepotea naye hakutaka kunisumbua. Kwenye karatasi, basi, yeye ndiye aliyekuwa na nyumba, na mimi sikuwa nimelipa hata senti.

Uingereza humtoza mkaazi wake ushuru wa mapato yake popote yanakotoka, na tangu Aprili 2025 ile nafuu ya zamani ya kutotozwa pesa ambazo hukuzileta nchini imeondolewa, isipokuwa kwa wageni walio katika miaka yao minne ya kwanza. Mkataba wa Kenya na Uingereza unakuwezesha kupunguziwa hapa kile ulicholipa kule, mradi wewe ndiwe uliyelipa. Risiti ya ndugu haikuokoi. Risiti ya mama haikuokoi, hata kama hati ya ploti ina jina lako.

Nyuma ya mtego huo kuna mwingine. Ile asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba inayolipwa KRA kufikia tarehe 20 ya kila mwezi ni ya wakaazi wa Kenya. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 30 ya kodi yote ya nyumba, bila kuondoa gharama za ukarabati. Huku hupunguziwi zaidi ya ushuru ambao Uingereza ingekutoza kwa mapato hayo, kwa hiyo aliye katika daraja la asilimia 20 asitarajie kurudishiwa ziada.

Mengine ni mepesi: jiandikishe kwa idara ya ushuru ya Uingereza kufikia tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka wa ushuru kwisha tarehe 5 Aprili, na uwasilishe fomu mtandaoni kufikia tarehe 31 Januari. Fomu ya mwaka ya KRA, ya kufikia tarehe 30 Juni, mnaijua. Ila nasisitiza: yatangaze mapato yako mwenyewe kabla hujaandikiwa, kwa maana adhabu ya mapato ya ng'ambo yaliyofichwa inaweza kufika asilimia 200 ya ushuru wenyewe.

Nakiri kwamba serikali ya hapa humpa mlipaji maelezo ya sehemu ya ushuru wake iliyokwenda katika hospitali, pensheni na riba ya madeni, jambo ambalo vijana wetu walikuwa wakilidai barabarani mwaka 2024. Hata hivyo, mgeni mwenye viza ya kazi kwa kawaida hulipia afya pauni 1,035 kwa mwaka na bado hukatwa ushuru ule ule unaoendesha hospitali hizo, na sijampata Mwingereza wa kunieleza haki iliyomo.

Ndugu zetu wapendwa mnaokusanya pesa kule, msitufichie shida za nywila kwa kutuhurumia. Huruma hiyo nimeilipia mara ya pili, kwa pauni. Siku hizi ndugu yangu huniandikia "wapangaji wametoa," na ujumbe wa ushuru huja peke yake, na picha ya risiti yenye PIN yangu.