Anand yupi, Anand ipi, Anand upi: kupanga jina moja lenye wenyewe wengi

Andika Anand peke yake mahali pa kutafutia, na utaletewa bingwa wa chesi, filamu ya 1971, mji wa Gujarat, India, unaojulikana kwa maziwa ya kunywa na ndugu watatu wa sinema kutoka Punjab, wote kwenye sinia moja. Anayetengeneza faharasa ya kitabu, katalogi ya maktaba, orodha ya filamu au ukurasa wa maana kwenye kamusi elezo (ule unaoorodhesha vyote vyenye jina moja) hana budi kuwatenganisha. Ukijua pa kuanzia, kazi hii haimalizi hata nusu siku.

Neno lenyewe asili yake ni Kisanskriti, ānanda: ile furaha ya ndani inayokaribia tunachokiita raha ya moyo. Waswahili tuna Furaha, ambalo ni jina la mtoto, la duka, la kwaya na la basi. Anand limeenea vivyo hivyo, ila limepita katika lugha nyingi zaidi, na kila lugha imelikalisha mahali pake.

Anza na ngeli

Kabla ya kufungua kitabu chochote cha rejea, soma kitenzi. Kiswahili kinakusaidia hapa kuliko Kiingereza. Anand alishinda ni mtu. Anand ilitoka 1971 ni filamu. Anand uko Gujarat ni mji. Pitia maandishi yako na uweke alama pembeni ya kila Anand: A kwa mtu, I kwa filamu, riwaya au ibada, U kwa mji. Kwenye maandishi yaliyohaririwa vizuri, sehemu kubwa ya kazi inaishia hapo.

Zinazobaki ndizo zenye mtego, na karibu zote zina kiunganishi cha -a, kwa sababu -a hufuata kinachomilikiwa na kumwacha mmiliki gizani. Chukua "nyimbo za Anand". Je, ni nyimbo za filamu ya 1971, ambazo muziki wake ulitungwa na Salil Chowdhury? Au ni za Anand Bakshi, aliyeandikia sinema ya Kihindi mashairi ya maelfu ya nyimbo? Au za Anand-Milind, ndugu wawili waliotunga muziki wa Qayamat Se Qayamat Tak mwaka 1988? Sentensi haisemi. Tena Bakshi hakuandika mashairi ya filamu ile. Walioyaandika ni Yogesh na Gulzar. Kwa hiyo anayekisia hapa hukisia vibaya mara mbili. "Mfumo wa Anand" nao ni hivyo hivyo: kwenye maandishi ya ushirika wa maziwa huo ni mji, wala si mtu aliyebuni mfumo. Dawa ni kuongeza neno moja kabla ya jina: nyimbo za filamu Anand, mfumo wa mji wa Anand. Usitegemee herufi za mlalo peke yake, maana zinapotea mtu akinakili maandishi kwenye simu.

"Alizaliwa Anand" pia haina ngeli ya kuonyesha. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki sentensi hiyo si ya nadharia tu: koo nyingi za akina Patel za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam chimbuko lao ni Charotar, eneo linalouzunguka mji wa Anand na wa Nadiad. Ukiliona jina hilo kwenye sehemu ya mahali pa kuzaliwa, usifikiri kuwa karani alikosea akaandika jina la mtu.

Jina limekaa wapi?

Ukishapata fungu la watu, hatua inayofuata ndiyo inayoharibiwa zaidi. Swali si kama Anand liko mwanzo au mwisho. Swali ni kama ni jina la ukoo, jina la mtu mwenyewe, au jina la kalamu. Mwisho wa jina hauthibitishi ukoo.

Kwa Wapunjabi, Anand ni jina la ukoo. Kipimo rahisi ni ndugu. Chetan Anand, Dev Anand na Vijay Anand ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na kinachofanana kwao ni neno la mwisho. Kwa hiyo wanaingia kwenye faharasa chini ya A, jina likipinduliwa kwa mkato: Anand, Dev. Mulk Raj Anand, mwandishi wa Untouchable (1935) na Coolie (1936), naye ni wa kundi hili. Angalia tu kwamba Mulk Raj ni jina moja lenye maneno mawili. Anayeandika "Raj Anand, Mulk" amemkata vibaya.

Kwa Watamil mambo yanageuka. Jina la baba hutangulia, mara nyingi likiwa herufi moja tu, kisha linafuata jina la mtu mwenyewe. Bingwa wa chesi aliyezaliwa tarehe 11 Desemba 1969 jina lake ni Anand. Viswanathan ni baba yake. Gazeti linaloandika "Viswanathan alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2007" limempa kombe mzee aliyekaa nyumbani. Kwenye sentensi mwite Anand tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye faharasa mweke chini ya A bila mkato: Anand (Viswanathan Anand). Katalogi nyingi zinamwandika "Anand, Viswanathan", na kwa kuwa anabaki kwenye herufi ileile hasara ni ndogo, ila mkato unamdanganya msomaji kwamba Anand ni ukoo wake. Anayemweka chini ya V ndiye anayempoteza kabisa.

Wengine Anand lao liko mwanzo na ni jina la kupewa: Anand Bakshi, Anand Patwardhan wa filamu za hali halisi, Anand Mahindra wa viwanda. Kwenye faharasa ya kitabu hawa wanakwenda chini ya B, P na M. Kwenye ukurasa wa maana wanabaki pamoja na Anand wenzao, kwa sababu msomaji anaweza kuwa analikumbuka hilo tu. Kazi hizi mbili zina kanuni tofauti. Amua unafanya ipi kabla hujapanga.

Jina la kalamu lina kanuni yake. Mwandishi wa Kimalayalam aliyetoa riwaya Aalkkoottam mwaka 1970 hutia saini Anand tu. Jina lake la kuzaliwa ni P. Sachidanandan, na ukilitazama kwa karibu utaliona Anand limekaa katikati: Sach-id-anand-an. Mwingize chini ya Anand, ukiweka maelezo kwenye mabano (mwandishi wa Kimalayalam), kisha weka kielekezi, yaani mstari wa "tazama Anand", kwenye S. Usimwache bila mabano, kwa sababu rafu ileile ina Mulk Raj Anand, naye pia mwandishi wa riwaya.

Chetan Anand wawili

Hapa ndipo orodha nyingi hukwama, basi tusiharakishe. Kuna Chetan Anand mwongozaji filamu, ambaye Neecha Nagar yake iligawana tuzo kuu ya Cannes mwaka 1946. Kuna pia Chetan Anand mchezaji wa mpira wa vinyoya, aliyezaliwa 1980, mwenyeji wa Andhra Pradesh. Herufi kwa herufi majina yao ni sawa. Lakini wa kwanza ni Mpunjabi, na Anand ni ukoo wake. Wa pili ni Mtelugu: jina la ukoo wake ni Buradagunta, na Chetan Anand yote mawili ni jina lake mwenyewe. Ukiwapanga kwa kanuni moja, utakuwa umemkosea mmoja wao. Wa filamu aandikwe "Anand, Chetan (mwongozaji filamu)". Wa vinyoya aandikwe "Chetan Anand (mchezaji wa mpira wa vinyoya)", na kielekezi kiwe kwenye Buradagunta.

Kuweka mwaka wa kuzaliwa kwenye mabano badala ya fani hakusaidii sana, kwa kuwa msomaji anayetafuta mchezaji haendi na mwaka wake kichwani. Mwaka nao una hila zake. Vijay Anand na Mulk Raj Anand wote walifariki 2004, na filamu ya Kitelugu iitwayo Anand, ya Sekhar Kammula, ilitoka 2004 hiyohiyo. Na Mulk Raj alizaliwa tarehe 12 Desemba, siku moja tu baada ya ile ya bingwa wa chesi, japo miaka 64 kabla yake. Anayepanga kwa tarehe peke yake hapo lazima ateleze.

Kwa filamu, kinyume chake, mwaka ndio unaofaa, ukifuatana na lugha: Anand (filamu ya Kihindi, 1971), Anand (filamu ya Kitelugu, 2004). Ya 1971 iliongozwa na Hrishikesh Mukherjee. Rajesh Khanna anaigiza Anand mwenyewe, mgonjwa wa saratani asiyekubali kununa, na Amitabh Bachchan ni daktari Bhaskar. Kwa hiyo ukisoma "Anand anamtania daktari", ngeli ya A ni sahihi: huyo ni mhusika, si filamu, na hastahili mstari wake kwenye orodha. Anand Aur Anand ya 1984 ni ya Dev Anand na ina jina lake kamili. Iandike chini, kwenye sehemu ya "angalia pia".

Ukikwama, rudi kwenye maandishi ya asili

Herufi za Kirumi zinafuta tofauti ambazo herufi za India zinaonyesha. Mji wa Gujarat huandikwa આણંદ, na jina la mtu huandikwa આનંદ. Tofauti iko kwenye herufi ya pili. Ile ya mji hutamkwa ncha ya ulimi ikiwa imekunjwa nyuma kugusa kaakaa, na ya mtu hutamkwa kama n yetu ya kawaida. Kwa Mgujarati hayo ni maneno mawili. Hati ikiwa na Kigujarati pembeni, herufi hiyo moja inamaliza ubishi.

Kwenye Kihindi tatizo limegeuka, kwani neno moja lina sura mbili: आनंद na आनन्द. Kwa kompyuta, sura ya kwanza ina alama 4 na ya pili 5, na kisanduku cha kutafutia kisicho makini huziona kama maneno tofauti. Tafuta kwa zote mbili. Kipunjabi cha ibada hufupisha vokali ya kwanza, ਅਨੰਦ, na ndivyo utakavyoliona kwenye Anand Sahib, utenzi wa Guru Amar Das wenye beti 40, na kwenye Anand Karaj, ndoa ya Masingasinga inayofungwa pia kwenye mahekalu yao Afrika Mashariki. Hayo yote yako kwenye ngeli ya I na yanastahili fungu lao.

Majirani wa jina

Ananda, yenye a ya mwisho, ni sura ya Kibengali, Kisinhala na Kinepali. Ananda aliyekuwa mhudumu wa Buddha, Ananda Coomaraswamy wa historia ya sanaa (1877–1947) na Ananda College ya Colombo (1886) wawe na ukurasa wao, na kuwe na kielekezi cha kwenda na kurudi. Anandi ni la kike: Anandi Joshi alihitimu udaktari Marekani mwaka 1886. Vivekananda usimguse. Hilo ni jina la utawa lililounganishwa, viveka na ananda, na kulikata ni sawa na kumtafuta Juma ndani ya Jumanne.

Mistari yenyewe

Kila mstari uwe na jina, miaka ikiwa inajulikana, fani moja na nchi au lugha. Maneno 12 yanatosha; yakizidi, umeanza kuandika wasifu. Kiungo kiwe kimoja kwa mstari. Fungu la watu likipita majina 10, ligawe kati ya ukoo na jina la kupewa, hivi:

Ukoo
Anand, Chetan – mwongozaji filamu, India
Anand, Dev (1923–2011) – mwigizaji na mtayarishaji filamu, India
Anand, Mulk Raj (1905–2004) – mwandishi wa riwaya kwa Kiingereza
Anand, Vijay (1934–2004) – mwongozaji wa Guide (1965)

Jina la kupewa au la kalamu
Anand (Viswanathan Anand, alizaliwa 1969) – mchezaji chesi, India
Anand (P. Sachidanandan, alizaliwa 1936) – mwandishi wa Kimalayalam
Anand Bakshi (1930–2002) – mshairi wa nyimbo za filamu
Chetan Anand (alizaliwa 1980) – mchezaji wa mpira wa vinyoya

Mahali
Anand, Gujarat – mji, makao ya ushirika wa maziwa wa Amul (1946)

Wilaya ya Anand, iliyomegwa kutoka Kheda mwaka 1997, iwe na mstari wake. Anand Panyarachun, aliyekuwa waziri mkuu wa Thailand mwanzoni mwa miaka ya 1990, si wa Asia Kusini, ila jina lake linatoka chimbuko hilohilo. Wathai hupangwa kwa jina la kwanza, kwa hiyo anakaa A bila mabishano.

Ukimaliza, mpe orodha mtu asiyefuatilia sinema ya Kihindi na umwambie atafute vitu vinne: mji, filamu ya zamani, mcheza chesi, na yule wa vinyoya. Akisitasita kwa Chetan, hamisha fani uiweke kabla ya miaka. Akienda V kumtafuta mcheza chesi, weka kielekezi hapo V, hata kama unajua kwamba si mahali pake.